Mtutu wa Mbusa

Juzi fundi wa vitasa alikuja kunitengenezea mlango uliokuwa unanitesa tangu mvua zianze. Akatoa kichupa mfukoni, akadondosha mafuta kwenye tundu la ufunguo, na harufu ile iliponifika puani nikaacha kabisa kumsikiliza. Bwana wee! Ilibidi nikae kwenye kizingiti. Fundi akadhani nimepatwa na kizunguzungu, akaniuliza kama anifuatie maji. Nikamwambia hapana, sina neno. Nisingeweza kumweleza mtu nisiyemjua kwamba mafuta ya kitasa yamenirudisha Kasese, kwenye kambi ya polisi, mbele ya baraza la ghala la silaha, ambapo mama yangu alikuwa akikaa juu ya kigoda na vipande vya bunduki vimetandazwa kwenye gunia miguuni pake.

Ndiyo, mama. Watoto wengi pale kambini baba zao ndio walioshika bunduki na mama zao walishika masufuria. Kwetu ilikuwa kinyume kidogo. Mama, Mteso wa kutoka mbali huko mashariki, ndiye aliyekuwa fundi wa silaha, na askari wenye mbavu pana walimpigia saluti wakimpelekea bunduki zilizokwama. Baba alikuwa Mkonjo wa Kyarumba, askari wa wanyama. Tembo wakitoka hifadhini na kuingia kwenye mahindi ya watu, au kiboko akishindwa kurudi majini kumekucha, aliitwa baba. Mara nyingi alipiga hewani tu, wanyama wakarudi kwao, yeye akarudi kwetu na mahindi ya kuchoma aliyopewa shukrani.

Hakuwa akienda peke yake. Alikuwa na rafiki yake, Mbusa, waliyeanza naye kazi siku moja na kuvaa viatu vya namba moja, hata wakawa wanaazimana. Mbusa alikula kwetu karibu kila Jumapili. Alimwita mama shemeji, na mama alimwita mlafi. Ni yeye aliyenifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili mdomoni, jambo ambalo mama alilipinga kwa nguvu zote na mimi nikalifanya kwa nguvu zote.

Nyati mmoja mzee, mwenye pembe iliyovunjika, ndiye aliyemuua Mbusa. Ilikuwa kwenye mashamba ya chini ya barabara ya Bwera. Nyati alijificha kwenye mahindi, akamtokea ubavuni. Bunduki yake ilikanyagwa, kitako chake cha mbao kikapasuka vipande viwili, lakini chuma chote kilibaki kizima. Siku ya mazishi baba alilia mpaka wazee wakamshika mikono. Mama alisimama na sare yake, mikono nyuma, macho makavu. Nilimtazama tangu mwanzo wa maombi mpaka mwisho, nikingoja chozi japo moja. Halikuja. Nikaliweka moyoni, na watoto wanajua kuweka.

Nyati yule hakuondoka. Aliendelea kulala kwenye mahindi yale yale, watu wakaacha kwenda shambani, magugu yakapanda, na kila siku mtu alikuja kambini kumuuliza baba: afande, lini? Baba naye alikuwa na shida yake. Majuma machache nyuma alikuwa ameteleza akivuka mto kule Bugoye, tope likaingia kwenye bunduki yake, naye akaipiga bila kujua. Mtutu ukavimba karibu na mdomo. Ukipitisha kidole unausikia uvimbe. Kuipeleka Kampala kulitaka barua juu ya barua na kungoja mpaka uchoke.

Ndipo likamjia wazo. Bunduki ya Mbusa, ambayo baada ya mazishi alikabidhiwa yeye, na yake zilikuwa za aina moja, za kiwanda kimoja. Basi atoe mtutu wa Mbusa, auweke kwenye bunduki yake. Ukimtazama usoni ulijua si suala la chuma tu. Alitaka rafiki yake awepo siku ile nyati atakapolipa.

"Mama yako asijue kwanza," aliniambia tukipanda pikapu kwenda Bwera. "Ana maneno mengi yule."

Nilijiona mtu mzima kweli kweli. Ilikuwa siku ya soko. Huko Bwera, karibu na mpaka, kulikuwa na fundi mmoja akiitwa Kambale, mtu wa ng'ambo, mcheshi, mwenye aproni ya ngozi iliyojaa matundu ya cheche. Alitengeneza pampu, baiskeli, mashine za kusaga, chochote chenye skurubu. Baba alipomweleza, aliinua mikono.

"Afande, usisumbuke. Mtutu ni mtutu. Hii iko na meno, ile iko na meno, zitaingiliana tu. Mutoto, sogea kule, utaungua."

Akabana bunduki ya baba kwenye jiliwa, akapachika spana ya mabomba, akaning'inia nayo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mtutu ukalia, ukaachia. Sikujua kabla ya hapo kwamba bunduki ina shingo inayofunguka. Akafanya vilevile kwa ile ya Mbusa. Kisha akachukua mtutu wa Mbusa, akauzungusha kwenye bunduki ya baba mpaka ukakaza.

"Unaona? Iko muzuri sana! Utapiga mpaka uzeeke."

Baba aliupangusa mtutu kwa kitambaa, polepole, kutoka chini mpaka juu. Akasema kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, kwa sauti ndogo, "Mbusa, twende." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Nilimpenda baba siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, na Kambale pia nilimpenda, maana alinipa kipande cha muwa.

Tuliporudi Kasese mama alikuwa uani anaanua nguo. Hakuuliza tumetoka wapi. Aliiona bunduki begani kwa baba, akaona alama za meno ya spana kwenye chuma, akaiacha kanga ikaanguka chini.

"Nani ameng'ata hii bunduki?"

Baba akaeleza. Alieleza vizuri, hata nikaona mama atafurahi. Mama akanyoosha mkono, akaichukua, akaiangalia ndani kuhakikisha haina risasi.

"Umepima?"

"Imeingia. Tena imekaza."

"Sikuuliza kama imeingia, Baluku. Nimeuliza kama umepima."

Akaenda ghalani, akarudi na kikopo cha maziwa cha zamani. Ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya chuma vyenye umbo la risasi, vimefungwa kwa kitambaa. Mzee aliyemfundisha kazi ndiye aliyemwachia. Kimoja kilikuwa cheupe, kingine kilipakwa rangi nyekundu kitakoni. Kazi yake ilikuwa rahisi hata kwa mtoto. Unaweka cheupe ndani ya bunduki, unasukuma bolti, yaani kile chuma chenye mkono kinachoifungia risasi kwa nyuma. Bolti lazima ifunge. Unatoa, unaweka chekundu, ambacho ni kirefu kidogo tu, kadiri ya unywele. Bolti lazima ikatae. Ikikataa, risasi itakaa pake, imebanwa nyuma na mbele. Isipokataa, kuna nafasi.

Aliweka cheupe. Bolti ikafunga. Baba akatabasamu. Akaweka chekundu. Bolti ikafunga vilevile, laini, bila kulalamika.

"Haya," mama alisema. "Hii bunduki haiendi popote."

"Nafasi ya unywele?" Baba alicheka kwa hasira. "Mtu amekufa, wewe unanipimia unywele?"

"Sufuria zangu mbili ni za duka moja. Badilisha vifuniko uone. Vinakaa, lakini mvuke unatoka. Hapa si mvuke, ni moto. Risasi ikikosa kubanwa, ganda lake linanyooka, linapasuka, na moto unarudi nyuma. Nyuma kuna nani? Kuna shavu lako na jicho lako."

"Watu wananingoja kesho!"

"Wangoje."

Akaichomoa bolti, akaitia kwenye mfuko wa suruali yake, akafunga kifungo. Bunduki isiyo na bolti ni mwiko wa kusongea ugali. Baba alisimama pale uani, mbele ya majirani wote waliokuwa wamejifanya wanachambua maharagwe, na mikononi ana mwiko. Akaitupa begani, akatoka, akaenda kulala kwa wenzake.

Sikieni basi akili ya mtoto. Mimi sikuelewa habari za nafasi wala moto. Nilichoelewa ni kwamba mama hakumlilia Mbusa, na sasa anamzuia baba asimlilie kwa namna yake. Jirani yetu, Mama Opio, mwanamke wa Lira mwenye sauti ya kengele ya shule, alimwambia mwenzake kwenye bomba, "Mke akishafikia kumnyang'anya bwana bunduki, nyumba hiyo imekwisha. Hakuna tena ndoa." Niliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Niliingia ndani, nikatoa mfuko wa plastiki, nikatia gauni langu la kanisani na viatu. Nilikuwa nimeamua: wakiachana, mimi naenda Kyarumba na baba. Mama abaki na vyuma vyake.

Hata chakula cha jioni sikula. Mama aliniuliza kama naumwa, nikamgeuzia mgongo. Hakunigombeza. Alinifunika shuka, nikaipiga teke.

Asubuhi baba alirudi na askari wenzake wawili na mzee mmoja wa yale mashamba, mwenye kofia mkononi. Baba hakusalimia.

"Toa bolti."

"Nitaitoa," mama alisema. Alikuwa ameshavaa sare. "Lakini haipigwi na mtu. Ipigwe na tairi."

Wote wakamtazama. Kumbe ndivyo wafanyavyo mafundi. Nyuma ya kambi kulikuwa na shimo kubwa walipochimba changarawe, na huko askari walifanyia shabaha. Tukaenda, na nusu ya kambi nyuma yetu, maana hakukuwa na sinema nyingine. Mama aliilaza bunduki juu ya tairi kuukuu la lori, akaifunga kwa kamba za mkonge, akatia risasi moja, akafunga uzi mrefu kwenye triga. Kuiona bunduki ya baba imefungwa kama mbuzi wa sikukuu kulinitia uchungu mpaka nikamshika baba mkono. Alikuwa ameukunja ngumi.

"Kila mtu nyuma ya tuta! Lala! Mama Opio, hata wewe!"

Akavuta uzi. Mlio ukatupita, ukaenda kugonga milima. Tulipoinua vichwa, bunduki ilikuwa nzima juu ya tairi. Hakuna kilichopasuka. Watu wakaanza kucheka, mmoja akapiga makofi, na baba akainuka akijipangusa vumbi.

"Haya, afande mkubwa, moto uko wapi?"

Nikaona mama ameaibika, na ninakiri roho yangu ilifurahi. Yeye akaenda kwenye tairi. Alilitoa ganda la ile risasi, likiwa bado moto, akalirusha kutoka kiganja hiki kwenda kile mpaka likapoa. Akatoa waya mwembamba, akaukunja ncha kama ndoano, akauingiza ndani ya ganda, akauburuta kutoka chini kuja juu. Akafunga macho. Akarudia.

"Baluku, njoo."

Baba akaenda shingo upande.

"Shika. Vuta polepole. Usiangalie, sikiliza kwa vidole."

Baba akavuta. Uso wake ulikuwa bado na kicheko. Akavuta mara ya pili, na kicheko kikaondoka. Alipogeuza ganda kwenye jua, hata mimi, niliyekuwa nimeng'ang'ania koti lake, niliyasogeza macho nikaona: karibu na kitako, kulizunguka mstari unaong'aa, mwembamba, kama pete. Ndani, pale pale, waya ulikuwa unaanguka kwenye mfereji.

"Hapo imenyooka ikabaki ngozi," mama alisema. Sauti yake sasa haikuwa ya kikazi. "Hii ya kwanza imevumilia. Ya pili sijui. Ya tatu sijui. Wewe unajua? Uko kwenye mahindi, nyati anakuja, shavu lako liko hapa," na akagusa kitako cha bunduki, mahali mbao ilipong'arishwa na miaka ya shavu la baba. "Niambie wewe itakayopasuka ni ya ngapi, nikupe bolti uende."

Hakuna aliyecheka tena. Yule mzee wa mashamba alivaa kofia yake, akaivua.

Baba aliketi kwenye tairi. Alisema, kama mtu anayemwambia mwenzake siri, "Nilitaka tu niende naye."

"Najua."

"Hujui. Wewe hata hukulia."

Mama akachuchumaa mbele yake, palepale changaraweni, watu wote wanatazama. "Nililia ghalani," alisema. "Bunduki yake ililetwa kwangu kwanza, Baluku. Ilikuwa na damu, nikaiosha mimi. Ulitaka niiache hivyo mpaka uione? Nilifunga mlango nikalia humo, nikanawa uso, nikaja mazishini kukushika wewe."

Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kulia mahali usipomwona. Nililiachia koti la baba. Nilikuwa nimesimama kati yao, sijui niende upande gani.

Mama akasimama, akajipangusa magoti. "Mlifanya nusu," alisema. "Mmemkata Mbusa shingo mkaipachika kwenye mwili wako. Unataka kwenda naye? Nenda naye mzima. Mtutu urudi kwenye mwili wake, na bolti yake. Kilichovunjika ni mbao tu. Mbao mpe yako."

Baba aliigusa mbao ya bunduki yake. Halafu akaanza kulia, bila kujificha, na mmoja wa wenzake akageuka kutazama milima kama vile kuna kitu huko.

Walituma pikapu Bwera ikalete mwili wa bunduki ya Mbusa na bolti yake, tulivyoviacha kwa Kambale. Mama alifanya kazi kwenye baraza la ghala, na mara hii hakuna aliyenifukuza. Alinionyesha mstari mdogo uliochongwa kiwandani, nusu yake kwenye mtutu, nusu kwenye mwili. Alizungusha mtutu pole pole mpaka nusu zile mbili zikakutana na kuwa mstari mmoja. Akamwita baba, akamwambia apime kwa mkono wake mwenyewe. Cheupe kilipoingia, bolti ikafunga. Chekundu kilipoingia, baba alisukuma, akasukuma tena, bolti ikakataa katakata.

"Imekataa," baba akasema, akicheka kama mtoto na kamasi bado zinamtoka.

Waliipiga kwa tairi pia, kwa kuwa mama hakuwa mtu wa kuamini kicheko. Waya haukuanguka popote. Ndipo chuma cha Mbusa kikalazwa kwenye mbao ya baba, ikapigwa skurubu, na baba akaondoka nayo begani pamoja na wenzake na yule mzee. Nilirudi ndani nikatoa gauni langu kwenye mfuko wa plastiki, nikalirudisha kwenye sanduku kabla mtu hajaliuliza.

Walilala huko. Siku iliyofuata mama hakutulia. Alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Alimtuma mtoto wa jirani barabarani, akamtuma tena. Mama Opio alimletea chai, naye akaisahau juu ya ndoo. Nikaenda nikasimama karibu naye na kumshika sketi, na yeye akaniwekea mkono kichwani.

Pikapu iliingia alasiri. Vijana nyuma walikuwa wanaimba, kwa hiyo kambi nzima ilijua kwamba nyati amekwisha. Wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakakimbilia bunduki. Baba akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, anataka kuanza kusimulia. Mama alipita katikati ya watu wote. Hakuitazama bunduki, wala hakuuliza habari za nyati. Alimshika baba uso kwa mikono miwili, kitu ambacho pale kambini mke hakumfanyia mume hadharani, akaugeuza kwenye jua, akamtazama jicho moja, kisha la pili, kisha akarudi kwenye lile la kwanza. Halafu akampiga kofi dogo la begani na kuangua kilio.

"Nusura unifanye mjane kwa ajili ya chuma! Mshenzi wewe! Ingia ndani ule!"

Na baba, askari mzima, mbele ya vijana wake, akasema, "Ndiyo, mke wangu," akaingia.

Siku hizi wamestaafu, wanaishi Kyarumba juu kabisa, mahali ambapo magunia ya kahawa bado yanashushwa kwa vichwa. Wanagombana kila siku ya Mungu kuhusu chumvi, redio, na nani aliacha mlango wazi mbuzi akaingia. Macho ya mama yamechoka, miwani haimsaidii sana. Akitaka kushona kifungo anamwita baba. Baba anaacha analofanya, anakaa kando yake, anainua sindano kwenye mwanga wa dirisha, anafumba jicho moja, na uzi unapita mara ya kwanza.